Ushuru wa mpaka unashuka, lakini mkulima wa Kabambare anapata nini?



Katika miaka hii michache inchi yetu imeingia katika mikataba mingi ya biashara. Tunaisikia kwenye redio: ushuru utashuka, mipaka itafunguka, bidhaa zetu zitauzwa mbali. Katika makanisa yetu ya Kasongo, Kabambare na Salamabila waamini wengi wanaishi kwa mpunga, karanga, mihogo, mawese na dhahabu. Kwao neno "soko la nje" linagusa masomo ya watoto, dawa na sadaka ya Jumapili. Ni haki yao kujua mikataba hii inawaletea nini, na haiwaletei nini.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: mikataba inapunguza gharama moja tu, ile inayolipwa mpakani. Mkulima wa Kabambare anapoteza sehemu kubwa zaidi kabla mzigo wake haujaona mpaka. Kama hatutaona tofauti hiyo, tutangoja baraka mahali ambapo haitoki, na tutanyamazia mzigo ambao tungeweza kuupunguza sisi wenyewe.

Mikataba yenyewe

Mkataba unaosemwa zaidi ni ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakuu wa inchi walikubali Kongo iingie tarehe 29 Machi 2022, mkataba ukatiwa sahihi Nairobi tarehe 8 Aprili, na tangu tarehe 11 Julai mwaka huo tumekuwa mwanachama kamili. Jumuiya hiyo ina umoja wa forodha tangu mwaka 2005. Maana yake, bidhaa iliyozalishwa katika inchi mwanachama inapita kwa wenzake bila ushuru wa kuingia, na bidhaa kutoka nje ya Jumuiya zinatozwa ushuru wa pamoja wa ngazi nne: 0, 10, 25 na 35 kwa mia. Kuna pia bidhaa chache zinazolindwa kwa ushuru wa juu zaidi. Kuingia katika Jumuiya hakukufanya sheria hizo zianze kutumika Kongo siku ile ile. Ni kazi ya hatua kwa hatua.

Wa pili ni Eneo Huru la Biashara la Bara la Afrika, ambalo kwa Kifaransa linaitwa ZLECAf. Mkataba wake ulitiwa sahihi Kigali Machi 2018, na biashara chini yake ikafunguliwa tarehe 1 Januari 2021. Unataka ushuru uondolewe kwa bidhaa 90 kati ya kila aina 100. Inchi zilizo nyuma kiuchumi, na Kongo ni mojawapo, zimepewa miaka 10 kufanya hivyo.

Halafu kuna milango ambayo wakubwa wa dunia wametufungulia bila sisi kuwafungulia wao. Umoja wa Ulaya unapokea bidhaa zote za inchi maskini zaidi bila ushuru, isipokuwa silaha, tangu mwaka 2001. China ilifanya hivyo kwa bidhaa zote tangu tarehe 1 Desemba 2024. Marekani ilitutoa katika mpango wake wa AGOA mwaka 2011 na kuturudisha mwaka 2021.

Tutazame mlango wa Ulaya. Umekuwa wazi kwa zaidi ya miaka 20, lakini kahawa yetu ilifanya nini? Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kongo iliuza nje zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Katika miaka ya 2010 mauzo yanayoandikwa yalikuwa kama tani 10,000 tu. Ugonjwa wa mnyauko uliua miti, vita vilifukuza wakulima, barabara zilikufa, na kahawa nyingine ilivuka usiku kwenda kwa majirani na kuuzwa kwa jina lao. Hakuna ushuru wa Ulaya uliosababisha hayo, na kwa hiyo kuondolewa kwa ushuru hakukuyaponya.

Hesabu ya gunia moja

Wengi wanafikiri ushuru ukishuka, mwenye kuuza anapata feza zaidi moja kwa moja. Si hivyo. Ushuru wa kuingia unalipwa na anayeingiza bidhaa katika inchi ya pili. Ukiondolewa, feza fulani inabaki mezani. Swali ni nani anaichukua.

Tufanye hesabu ya kufikirisha tu. Namba hizi si bei za soko. Mkulima wa Kabambare ana gunia la karanga. Linapita Fizi, linafika Baraka, linapanda mashua na kuuzwa ng'ambo ya ziwa, Kigoma. Tuseme huko linauzwa kwa sehemu 100. Ushuru wa kuingia ni sehemu 10. Usafiri wa kinga, pikipiki, lori na mashua ni 35. Bariyeri na makaratasi ni 10. Wanunuzi wa kati wanabaki na 15. Mkulima anapata 30.

Sasa mkataba unaondoa ushuru wote, na sehemu 10 zinabaki mezani. Kama Kabambare inafikiwa na mnunuzi mmoja tu mwenye lori, na mkulima hajui bei ya Baraka wala ya Kigoma, mnunuzi ataendelea kumlipa 30 na kuziweka zile 10 mfukoni. Kama wanunuzi ni watatu, wanashindana, na wakulima wameweka mizigo yao pamoja na kujua bei, basi mkulima anaweza kupata 35 au hata 38.

Upande wa pili, tuseme barabara inatengenezwa na usafiri unashuka kutoka 35 hadi 20. Hapo sehemu 15 zinabaki mezani, kuliko zile za mkataba wote. Bariyeri zikipungua nusu, tunaongeza 5 nyingine. Hayo yote yanafanyika ndani ya Kongo, bila sahihi ya mgeni yeyote.

Ndiyo maana mkataba huo huo unatajirisha mtu wa karibu na mpaka na kumwacha mtu wa mbali vilevile. Kwa mfanyabiashara wa Uvira, ushuru ni sehemu kubwa ya gharama zake, kwa sababu Bujumbura iko jirani. Kwa mtu wa Kabambare, ushuru ni kitu kidogo mwishoni mwa safari ndefu.

Bariyeri ni ushuru pia

Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji na DIIS ya Denmark walihesabu bariyeri 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini peke yake. Nyingine zilikuwa za watu wenye silaha wasio wa serikali, na nyingi zilikuwa za watumishi wa serikali wenyewe. Mizigo yetu inayokwenda upande wa Fizi inaingia katika jimbo mojawapo kati ya hayo mawili. Tangu wakati huo vita vimeongezeka: Bukavu iliingia mikononi mwa M23 Februari 2025, na Desemba mwaka huo vita vikaingia Uvira. Njia zilizokuwa ngumu zikawa ngumu zaidi, na masoko yaliyozoeleka yakakatika.

Mkataba wa biashara haugusi bariyeri ya kijijini. Tena unaweza kuiongezea nguvu. Serikali ikipoteza mapato ya duane kwa sababu ushuru umeshuka, na isipopata mapato mengine, mishahara inachelewa. Mtumishi asiyelipwa anatafuta chakula chake barabarani. Kwa hiyo ushuru uliotolewa mpakani unaweza kurudi kwa jina lingine kwenye kamba iliyofungwa njiani, na huko hauna risiti.

Kila mfanyabiashara wa kanisa anapaswa kujua jambo hili: dekreti ya tarehe 28 Machi 2002 iliruhusu huduma nne tu kufanya kazi mpakani. Ni duane (OFIDA, ambayo leo ni DGDA), ofisi ya ukaguzi wa bidhaa OCC, huduma ya usafi na afya, na uhamiaji DGM. Mama anayevuka na bidoni za mawese akakuta meza kumi ana haki ya kuuliza zile sita zimetoka wapi.

Mchele unaoingia

Mlango uliofunguliwa unapitisha watu wa pande zote mbili. Wakulima wetu wa mpunga wanauza mchele Kindu na Salamabila, na njia zikiwa wazi, hata upande wa Kivu. Huko wanakutana na mchele wa Asia na wa Tanzania. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mchele unalindwa sana: unaotoka nje ya Jumuiya umewekewa ushuru wa 75 kwa mia, ingawa inchi nyingine zinaomba ruhusa ya kutoza chini ya hapo. Ule wa Tanzania unapita bila ushuru kwa wanachama.

Siku Kongo itakapotumia sheria hiyo kikamilifu, mambo mawili yatatokea pamoja. Mchele wa Asia utapanda bei, na mkulima wa Kasongo atapata nafasi, lakini mama wa mjini anayenunua kwa kikombe ataumia. Mchele wa Tanzania utaingia kwa urahisi. Unatoka kwa wakulima wenye mashine, maghala na barabara, nao unaweza kufika Kalemie kwa bei ambayo mtu wa Kasongo hawezi kuifikia, si kwa sababu ni mvivu, bali kwa sababu gunia lake linasukumwa kwa kinga kwenye matope.

Hatusemi Kongo itoke katika Jumuiya. Tunasema serikali isifungue mlango wa mbele kabla ya kutengeneza njia ya nyuma ya nyumba. Mkulima anayeamua leo kama atapanda mpunga au ataacha shamba na kwenda kwenye machimbo anapaswa kuambiwa ukweli huo mapema.

Ushuru ukiwa sifuri, mlango bado unaweza kufungwa

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda, inchi ambazo kwa sheria zinauziana bila ushuru. Sababu iliyotolewa ni sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu katika nafaka iliyokaushwa au kuwekwa vibaya. Malori yalisimama mpakani. Baada ya siku chache njia ikafunguliwa tena, lakini kwa masharti: muingizaji aandikishwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kiwango cha sumu.

Sumukuvu haikai katika mahindi tu. Inapenda karanga pia, na karanga zetu nyingi zinakaushwa chini, juu ya udongo, na kufungwa kabla hazijakauka vizuri. Anayeota kuuza ng'ambo aanze na turubai ya kukaushia. Hiyo pia ni afya yetu wenyewe, kwa sababu sumu hiyo inaharibu ini la mtu anayeila kwa muda mrefu, hata kama karanga hazikuvuka mpaka wowote.

Ulaya nayo ilipitisha sheria mwaka 2023 inayotaka kahawa, kakao, mawese na bidhaa nyingine chache zithibitishwe kwamba hazikutoka katika msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini mwelekeo unaonekana: ushuru unashuka, masharti yanapanda. Mkulima mmoja mmoja hawezi kupima shamba lake na kutunza karatasi hizo. Kikundi kinaweza.

Somo la dhahabu

Kabambare si mgeni wa biashara ya mbali. Katika karne ya 19 ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara kati ya Ujiji na Nyangwe. Pembe za ndovu zilibebwa na watu, wengi wao watumwa, na bei yake iliamuliwa Zanzibar. Leo dhahabu ya Namoya na Salamabila inafuata njia nyingine, lakini bei bado inaamuliwa mbali.

Dhahabu inatufundisha jambo ambalo karanga hazionyeshi wazi. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya dhahabu ya wachimbaji wa mikono ilitoka Kongo kwa siri na kuonekana baadaye katika hesabu za majirani, kabla ya kufika Dubai. Ushuru uliowasukuma wafanyabiashara gizani haukuwa wa Dubai. Ulikuwa wetu wenyewe, wa kutoa bidhaa nje, ukiwa juu kuliko wa majirani, pamoja na makaratasi na malipo ya njiani. Mwanzoni mwa 2023 kampuni ya Primera Gold ilianza kazi Bukavu ikiwa na ushuru wa kutoa nje ulioshushwa hadi 0.25 kwa mia. Mauzo halali ya dhahabu ya mikono, ambayo mwaka 2022 yalikuwa makumi ya kilo tu, yalipita tani 5 mwaka 2023.

Kwa hiyo kushusha ushuru kunafanya kazi, pale ambapo ushuru ndio ugonjwa. Lakini tuangalie nani alipata nafuu. Punguzo lilipewa kampuni moja, si wauzaji wote, na mchimbaji shimoni hana njia ya kudai sehemu yake. Tena mpango uliojengwa juu ya mji mmoja ulikuwa katika hatari siku mji huo ulipotekwa.

Kuna upande mwingine wa somo hilo. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, na kifungu chake cha 1502 kinataka makampuni yaeleze kama bati, tantali, tangisteni na dhahabu zao zinatoka Kongo au kwa majirani wake. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono katika Maniema na Kivu zote mbili, hadi Machi 2011. Nia ilikuwa kukata feza za wenye silaha. Lakini familia nyingi zilizoishi kwa machimbo zilibaki bila kitu, na wanunuzi wengi wa nje waliondoka na kukawia kurudi. Hakuna ushuru uliopanda hata kidogo, na bado soko lilifungwa. Usalama nao ni sharti la soko: mwaka 2019 mgodi mkubwa wa Namoya ulisimamisha kazi kwa sababu ya mashambulizi ya wenye silaha.

Kanisa lifanye nini?

Kanisa si duka wala chama cha siasa. Lakini lina kitu ambacho wengine hawana: liko katika kila kijiji, na watu wake wanaaminiana. Tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, habari ya bei. Waamini wetu wako Kasongo, Baraka, Uvira, Kalemie na Kindu. Bei za karanga, mchele na mawese zinaweza kutumwa kwa simu kila wiki na kutangazwa baada ya ibada. Ujumbe huo haugharimu kitu, na mnunuzi mmoja hataweza tena kusema bei anayotaka.

Pili, mizani. Nabii Amosi aliwakemea watu waliopunguza kipimo na kuongeza bei huku wakingojea sabato iishe. Mizani moja ya haki, ikiwekwa mahali pa wazi karibu na kanisa, inalinda mkulima kuliko mahubiri kumi.

Tatu, kuweka pamoja. Vikundi vya akina mama na vya wakulima vikauke, vipime na viuze pamoja. Wanawake wanaovuka mpaka wafundishwe kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki na COMESA zina utaratibu mwepesi kwa mizigo midogo, ile isiyozidi dola 2,000: cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachotolewa mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha. Waulize kwenye ofisi ya duane ni orodha gani inatumika mahali hapo, na wasikubali kulipa bila risiti.

Nne, sauti. Mchungaji na wazee waandike bariyeri zilizopo kwenye njia zao: mahali, huduma inayotoza, kiasi, risiti ipo au haipo. Bila jina la mtu na bila matusi. Orodha kama hiyo ikipita katika tume ya haki na amani ya Kanisa la Kristo katika Kongo na kufika kwa wabunge na gavana, si malalamiko tena. Ni ushahidi.

Tano, dhamiri. Baadhi ya wanaosimama kwenye bariyeri wanakaa nasi kwenye viti vya kanisa. Katika Luka sura ya 3 watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji kuuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze kupita kiasi kilichoamriwa. Mafundisho ya ubatizo yaliyogusa meza ya ushuru wakati ule yanaweza kuigusa leo, na wachungaji wasiogope kuyataja. Lakini tudai pia mtu huyo alipwe mshahara wake, maana mwenye njaa ni vigumu kumhubiria uaminifu.

Tuombee wanaojadili mikataba Kinshasa na Arusha, wasisahau kwamba gunia linaanza safari yake shambani. Na tunapowaombea, tuanze na yale yaliyo ndani ya uwezo wetu: bei ijulikane, mizani iwe ya haki, karanga zikauke vizuri, bariyeri ziandikwe. Ushuru wa mpaka ukishuka, tuwe tumejiandaa kuishika ile feza inayobaki mezani, isipite juu ya vichwa vyetu.

Bwana awabariki.

*Maswali ya kikundi:* Katika kijiji chenu, nani anajua bei ya soko la mbali, na anaijuaje? Kutoka shambani hadi sokoni mnapita bariyeri ngapi, na ni ngapi zinatoa risiti? Ni kazi gani moja kikundi chenu kinaweza kuanza kabla ya mavuno yajayo?